Je, kodi ya mwananchi ilipie mashine za kutafuta chembe zisizoonekana?

SWALI: Mwalimu, nafanya biashara ya mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Mwanangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa pili, anasoma fizikia. Alipokuja likizo alinionyesha kwenye simu mtaro wa chini ya ardhi huko Ulaya wenye kilomita 27, akasema sasa wanataka kuchimba mwingine wa kilomita 91 kwa mabilioni ya hela. Nikamuuliza, unazalisha nini? Akanijibu, "Maarifa, mama." Mimi kila gunia linalopita sokoni nalilipia ushuru. Niambie bila kunificha: ni haki hela ya umma kwenda kwenye vitu vya namna hiyo? Na sisi Tanzania tujiingize?

JIBU: Mama, nianze na msimamo wangu ili usije ukaupoteza njiani. Hela ya umma inastahili kwenda kwenye fizikia ya msingi, hata ile ambayo leo hakuna anayejua itamfaa nani. Ila hoja nyingi zinazotolewa kuitetea ni dhaifu, na huo mtaro wa kilomita 91 mimi bado haujaniingia akilini. Kwa upande wetu, hela iende kwa watu na kwenye vipimo. Vyuma vikubwa tuwaachie wenye uwezo navyo.

Mtaro uliouona kwenye simu uko CERN, maabara iliyoanzishwa mwaka 1954 kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Humo protoni, chembe ndogo zilizo ndani ya kiini cha atomu, huzungushwa kwa mwendo unaokaribia kabisa ule wa mwanga, hugonganishwa uso kwa uso, kisha wataalamu huchambua vinavyoruka. Ndipo ilipoonekana chembe ya Higgs, inayohusika na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito wake, ikatangazwa Julai 2012 baada ya kutabiriwa kwa kalamu na karatasi tangu 1964. Nchi zaidi ya 20 huchangia kila moja kwa kadiri ya pato lake, na bajeti ya mwaka ni kama faranga za Uswisi bilioni 1.3. Kwa viwango vya sasa vya kubadilishia fedha hizo ni shilingi trilioni 4 hivi. Bajeti nzima ya serikali yetu ya 2025/26, inayolipa walimu, dawa, barabara na madeni, ni trilioni 56.49. Mtaro mpya umekadiriwa kugharimu faranga bilioni 15, yaani kama trilioni 45 za kwetu, zikilipwa kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo ukishtuka, una haki ya kushtuka.

Watetezi wake wana hesabu yao wanayoipenda. Wanasema gawanya gharama za CERN kwa watu wote wa nchi wanachama, utapata faranga mbili na ushee kwa mtu kwa mwaka, bei ya kikombe cha kahawa. Hesabu ni sahihi, lakini inamfaa aliye Geneva. Kwetu hizo faranga mbili na ushee ni zaidi ya shilingi elfu saba, na ukizidisha kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022 unapata zaidi ya shilingi bilioni 400 kila mwaka. Hiyo si kahawa tena.

Hoja ya pili, ambayo nadhani kijana atakuletea likizo ijayo, ni ya vitu vilivyozaliwa pembeni. Ni kweli kwamba mfumo wa kurasa za intaneti tunaoutumia kila siku ulibuniwa CERN. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake mwaka 1989 ili watafiti waweze kubadilishana nyaraka, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa dunia nzima. Nawapa heshima yao. Lakini hoja yenyewe ni kama mtu anunue ng'ombe wa maziwa, halafu akiulizwa kwa nini amemnunua ataje samadi. Kama ulichotaka ni mfumo wa kubadilishana nyaraka, ungeajiri watengeneza programu kadhaa, na hakuna ambaye angelazimika kuchimba kilomita 27.

Hoja ninayoikubali mimi iko kwenye maziwa yenyewe, yaani yale maarifa aliyokutajia mwanao. Chukua kipimo cha MRI, kile ambacho mgonjwa wa mgongo au wa kichwa huandikiwa na daktari na ndugu wakaanza kuchangishana. Mwaka 1938 mwanafizikia Isidor Rabi, huko New York, alikuwa anapima namna viini vya atomu vinavyotenda kama sumaku ndogo sana. Hakuwa na mgonjwa yeyote akilini. Mwaka 1946 wanafizikia Bloch na Purcell, kila mmoja kwenye maabara yake, wakaonyesha kuwa jambo hilo linaweza kupimwa kwenye vitu vya kawaida kama maji na nta. Picha ya kwanza ilikuja miaka ya 1970. Na sumaku kubwa ya mashine hiyo inategemea jambo jingine kabisa lililogunduliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911: kwamba baadhi ya metali zikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza chochote. Viwanda vilipata uzoefu wa kutengeneza nyaya za namna hiyo kwa wingi pale Wamarekani walipojenga mashine yao ya kugonganisha chembe karibu na Chicago, iliyoanza kazi mwaka 1983.

Sasa jiulize, mwaka 1938 nani angeandika ombi la fedha lenye maneno "mashine ya kupiga picha ubongo bila kupasua"? Hakuna. Na kampuni gani ingemlipa Rabi? Hapa ndipo umma unapoingia. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiuze alichovumbua, hulinda uvumbuzi kwa miaka 20, na kutoka kwa Rabi hadi mashine za hospitali ilipita zaidi ya miaka 40. Mwenye hisa hasubiri muda huo. Tena sheria ya asili ikishajulikana huwezi kuifungia stoo ukaiuza kwa kilo, maana kila mtu ataitumia bila kukulipa. Kitu chenye faida kwa wote na kisicho na mteja wa kukilipia leo, kikiachiwa soko hakifanyiki.

Kuna mfano wa upande wa pili na ni haki niutaje. Transista, kijidude kilichomo kwa mabilioni ndani ya simu yako, kilivumbuliwa mwaka 1947 kwenye maabara ya kampuni binafsi ya simu ya Marekani. Ila kampuni hiyo ilikuwa imehodhi biashara ya simu kwa idhini ya serikali, haikuwa na mshindani wa kuihofia, na wavumbuzi wake walisimama juu ya nadharia ya atomu iliyojengwa na vyuo vya Ulaya miaka ya 1920.

Tuje Dodoma. Ukinunua kiwanja Nala au Iyumbu, mpima anakuja na kifaa chake cha GPS juu ya miguu mitatu, anasoma, kisha bikoni inafukiwa. Migogoro ya viwanja ya mji huu unaijua, kwa hiyo hizo sentimita zina thamani yake. Kifaa kile kinasikiliza saa zilizomo ndani ya setilaiti. Kwa mujibu wa kanuni za Einstein za 1905 na 1915, saa iliyo juu kule hutangulia ya hapa chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Ni kidogo, lakini kwa muda huo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11. Ndiyo maana saa hizo hupunguzwa mwendo makusudi kabla hazijarushwa. Mwaka 1977, saa ya aina hiyo iliporushwa kwa majaribio, iliachwa kwanza bila marekebisho, ikatangulia karibu sawasawa na Einstein alivyotabiri. Waliolipia GPS ni wanajeshi wa Marekani, na hawakuwa wanatafuta maarifa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wanafizikia wenzangu hupenda kulipita harakaharaka. Mifano hii mizuri, karibu yote, ni ya bei nafuu. Einstein alihitaji karatasi. Chombo cha Rabi kilienea chumbani. Inathibitisha kuwa utafiti wa msingi unalipa, ila haithibitishi kuwa utafiti wa msingi wa trilioni 45 unalipa. Gharama zimepanda kwa sababu maswali mepesi yameshajibiwa. Ukitaka kuchungulia ndani zaidi ya atomu unahitaji nishati kubwa zaidi, na nishati kubwa inadai mtaro mrefu zaidi.

Kwa mashine za namna hiyo, mtetezi mkweli anatakiwa aseme wazi kwamba anaomba hela ili watu wajue, basi. Na wakati mwingine hiyo inatosha. Wamarekani walitumia zaidi ya dola bilioni moja kwa LIGO, vyombo viwili vyenye mikono ya kilomita nne, vinavyohisi mtikisiko ulio mdogo kuliko hata sehemu ya elfu moja ya upana wa protoni. Septemba 2015 vikanasa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, kwa mara ya kwanza. Agosti 2017 vikasikia nyota mbili zilizokufa zikigongana, darubini zikageuzwa upande ule, na katika mwanga wake zikaonekana dalili za metali nzito zikiundwa. Yaani walau sehemu ya dhahabu tuliyonayo duniani, ya Sekenke kule Iramba ikiwemo, ilipikwa kwenye migongano ya aina hiyo kabla dunia yenyewe haijakuwepo. Haitashusha bei ya mahindi Kibaigwa. Mimi bado naona hela ile ilitumika vizuri.

Mtaro wa kilomita 91 ni habari nyingine. Mashine iliyomo sasa kwenye ule wa 27 ilijengwa ikiwa na ahadi ya uhakika: Higgs ataonekana, au itathibitika hayupo, na vyovyote itakavyokuwa tutajua. Akaonekana. Wengi walitarajia pia chembe nyingine mpya ambazo nadharia zao zilizitabiri, na hadi leo hazijatokea. Mashine mpya haina ahadi ya namna ile. Itampima Higgs kwa undani zaidi, jambo lenye maana, lakini kama itakutana na kitu kipya hakuna anayeweza kukuapia. Wapo wanafizikia wanaoipinga hadharani, na Ujerumani, inayochangia CERN kuliko nchi nyingine yoyote, imeshaonyesha wasiwasi juu ya gharama. Mimi ningekuwa mlipakodi wa kule ningesema tusubiri, tuendeleze kwanza utafiti wa sumaku bora na vichapuzi vifupi, yaani mashine fupi za kuzipa chembe mwendo, na zile hela zigawiwe kwenye majaribio madogo mengi.

Ila usidhani hela iliyookolewa huenda yenyewe hospitali. Wamarekani walikuwa na mradi wa mtaro wa kilomita 87 huko Texas. Oktoba 1993 Bunge lao likaufuta wakati dola kama bilioni 2 zimeshatumika na zaidi ya kilomita 20 zimeshachimbwa. Wanasayansi wa fani nyingine waliokuwa wakiupinga kwa kutumaini kurithi fungu lake hawakurithi kitu. Fungu likimezwa na bajeti kuu huwa limemezwa.

Sasa nikugeuzie swali, maana wewe uko wilaya ya Kongwa. Unaijua habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, baada ya vita, ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari, na Kongwa ikawa ndiyo mwanzo. Ukitafuta mradi wenye manufaa ya wazi huwezi kupata zaidi ya huo: chakula, kazi, biashara. Wakaleta matrekta, hata vifaru vya kivita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Ardhi ikawagomea. Udongo wa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka, na mvua hazikuja walivyotaka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni zaidi ya milioni 30 za walipakodi wa Kiingereza zikiwa zimepotea. Mgogo yeyote wa pale angewaeleza juu ya mvua zile, lakini hakuulizwa, na takwimu za miaka ya kutosha hawakuwa nazo.

Sisemi kwamba fizikia ya chembe ingeziokoa karanga. Kilichokosekana ni kipimamvua na mtu wa kukisoma kila asubuhi kwa miaka ishirini. Na hicho nacho ni utafiti wa msingi, mama. Ni kujua jambo kabla ya kuwa na haja nalo.

Mfano ulio kinyume cha karanga uko hapa hapa mjini, na sijui kwa nini hatuusimulii zaidi. Maji mengi ya bomba ya Dodoma hutoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Tangu miaka ya 1950 kulikuwa na watu pale ambao kazi yao ilikuwa kupima kina cha maji ndani ya visima na kukiandika. Unashusha kipimo, unasoma, unaandika tarehe na namba, unafunga daftari. Serikali zikabadilika, nchi ikapata uhuru, makao makuu yakatangazwa kuhamia Dodoma, na daftari likaendelea. Hakuna mbunge aliyewahi kusimama kulisifu. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa nje wakazichapisha zile namba za miaka 55, mfululizo ambao ni adimu sana kwa nchi za tropiki.

Zilionyesha kwamba maji ya Mzakwe hayajazwi kidogo kidogo kila masika. Miaka mingi ya mvua za kawaida kina hushuka tu, kisha inakuja misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98 unayoikumbuka, na maji yanapanda ghafla. Maana yake kwa mji mkuu unaopanuka kila siku ni kubwa. Huwezi kupanga uvutaji kwa wastani wa mvua. Inabidi uweke akiba ukijua kwamba mjazo mwingine unaweza kuchelewa miaka mingi.

Na hapo fizikia ikaleta ushahidi wa pili. Mwaka 1919 Francis Aston, Cambridge, alitengeneza chombo cha kutenganisha atomu za elementi moja kwa uzito wake, kwa sababu tu alitaka kujua kama zote ni sawa. Si sawa. Ndani ya maji kuna oksijeni nyepesi na nzito, na uwiano wake katika mvua kubwa si ule wa manyunyu. Leo vyombo vilivyotokana na cha Aston hupima maji ya kisima na kueleza ni mvua ya aina gani iliyoyaleta, na katika nchi za tropiki jibu mara nyingi ni lile lile la daftari la Mzakwe.

Kwa hiyo ukiniuliza Tanzania tufanye nini, sitaki tujenge mashine ya chembe. Nataka daftari kama lile lisikatike hata mwaka mmoja. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sisi hatujafika hapo. Nataka pia watu wetu waingie kwenye mashine za wenzetu kwa gharama ya nauli na mishahara. Afrika Kusini ilizindua mwaka 2018 darubini ya redio ya MeerKAT, madishi 64 jangwani, na sasa inakuzwa kuwa mradi wa kimataifa wa SKA. Nchi nane za Afrika zilijiunga nayo kama washirika, majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji wakiwemo. Sisi hatumo, na sijawahi kusikia sababu iliyonitosheleza.

Tena kuna haja iliyo karibu kuliko nyota. Bahi na Manyoni zimefanyiwa utafutaji wa urani. Siku kampuni itakapokuja na mikataba na vipimo vyake vya mionzi kwenye maji na vumbi, nani upande wetu wa meza atavisoma na kusema hiki si kweli? Mtu huyo hazalishwi kwa semina ya wiki mbili. Anatokana na miaka ya fizikia ya viini, ile ile ya akina Rabi, aliyoisoma bila kujua ataitumia wapi. Na anaanzia shule ya kata, ambako leo wapo watoto wanaochorewa betri na balbu ubaoni kwa kukosa maabara. Nikipewa bilioni moja kesho nitaanzia huko, na kijana wako akiona naisaliti fizikia, mwambie aje tubishane.

Kuhusu yeye mwenyewe: usimwondoe kwenye fizikia. Mwambie tu asitoke chuoni na nadharia peke yake. Ajifunze kuandika programu, ashike takwimu vizuri, na ajue kutengeneza chombo cha kupimia kwa mikono yake. Akimaliza shahada ya kwanza, Kigali kuna taasisi ya utafiti wa msingi iliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayopokea wanafunzi wa ukanda huu. Ni tawi la kituo cha Trieste, Italia, alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 ili vijana wa nchi maskini wapate fizikia ya kiwango cha juu bila kulazimika kuzihama nchi zao. Aanze kufuatilia matangazo yao sasa, na amwombe mwalimu wake mmoja amsimamie mradi wa mwaka wa tatu wenye vipimo halisi, si wa kunakili.